Acheni Kuniuliza Lenzi: Picha Kali za Wadudu wa Bustanini

Ahsante mwenyekiti. Ahsanteni na ninyi mliokuja na kamera shingoni, ingawa sijui mlitarajia kupiga nini humu ukumbini zaidi ya kipara changu.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja. Swali la "lenzi gani nzuri" sitalijibu leo. Nimelijibu Nakuru, nimelijibu Eldoret, nimelijibu hapa hapa Kisumu, na kila nikimaliza kulijibu kuna mtu ananyoosha mkono: "Sasa mwalimu, mimi ninunue lenzi gani?" Lenzi za makro, zile za kupigia vitu vidogo, karibu zote ni kali. Hata ile ya milimita 50 iliyolala kabatini kwako, ukiifunga kinyumenyume kwa ringi, au ukiiwekea mirija mitupu isiyo na kioo ndani, itakupa mdudu kwa ukubwa wake halisi au karibu na hapo. Mirija ya milimita 50 kwenye lenzi ya milimita 50, basi. Tumemaliza habari za lenzi.

Kinachoharibu picha zenu ni mwendo. Na hamnisadiki, kwa hiyo twende kwenye hesabu. Ni ya darasa la sita, msikunje nyuso.

Chukua kamera ya kawaida ya megapikseli 24, ile yenye sensa, yaani kibamba kinachopokea picha, ya upana wa milimita 23 na nusu. Picha yake ina pikseli, vile vidoti vinavyoijenga, 6,000 kwa upana. Gawanya. Kila pikseli inabaki na upana wa sehemu nne hivi katika elfu moja za milimita. Sasa mpige mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya mdudu inajaza milimita moja ya sensa. Kaupepo kanatoka ziwani, jani la sukuma wiki linayumba. Halipepei, linayumba tu, sentimita moja kwa sekunde. Ukiliangalia kwa macho utaapa kwamba limetulia. Shata yako, lile pazia la kamera, inafunguka kwa 1/200 ya sekunde. Katika muda huo jani limesogea sehemu tano katika mia moja za milimita. Ni kidogo, sivyo? Ni pikseli 12! Yule nzi mwenye nywele mgongoni, kila unywele wake umepakwa pikseli 12 kwenda pembeni. Kisha unakuja kuniambia lenzi yako si kali.

Kuna kijana alinijia Nakuru hivyo hivyo. Alikuwa ameuza pikipiki akanunua lenzi. Akanionyesha picha za vunjajungu kwenye maua ya bogenvilia, mdudu mzuri kabisa, na hakuna hata picha moja ambayo jicho lake limetoka safi. Anataka kuirudisha lenzi dukani, anasema ameuziwa mbovu. Nikamwambia weka kamera sakafuni juu ya vitabu, weka sarafu ya shilingi kumi mbele yake, tegesha kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, usiiguse. Picha ikatoka. Tukaona mikwaruzo ya sarafu, tukaona na uchafu wa mifuko ya watu kwenye herufi. Nikamuuliza, haya, lenzi mbovu iko wapi? Akanyamaza. Sarafu haipumui na saruji haiyumbi, ndiyo maana. Lenzi ilikuwa kali tangu siku aliyoilipia. Pikipiki ndiyo haikurudi.

Fanyeni jaribio hilo nyumbani kabla ya kumlaumu mwenye duka. Ikiwa sarafu imetoka kali na mdudu ametoka na ukungu, tatizo si kioo.

Najua mtu anawaza: si nitumie stendi ya miguu mitatu? Tumia, ukipenda kubeba chuma. Stendi itaituliza kamera. Jani nani atalituliza? Mwingine anawaza: basi nipandishe kasi ya shata. Vizuri, upandishe mpaka wapi? Ili jani lile lile lisogee chini ya pikseli moja kwa nafasi ya kutosha, unataka 1/10,000. Tuone jua la Kisumu litakupa nini. Kanuni ya wazee wa filamu ni kwamba kwenye jua kali, ukiwa f/16 (huo ni upana wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linabanwa) na ISO 100 (huo ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata ni 1/100. Lakini ukisogea mpaka ukubwa halisi, lenzi inapoteza mwanga mara nne, hivyo f/8 yako inafanya kazi ya f/16. Kutoka 1/100 mpaka 1/10,000 ni mara mia. ISO yako sasa ni 10,000. Utapata nzi aliyesimama kweli, aliyejaa chengachenga kutoka kichwani hadi mkiani. Na hapo ni juani. Chini ya majani ya kunde, wanakokaa wadudu wenyewe saa za joto, sahau.

Kwa hiyo ni flashi. Nimelisema hili mpaka mke wangu analisema usingizini. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo, tuseme sehemu moja ya thelathini na mbili, inawaka na kuzima kwa muda wa kama 1/10,000 ya sekunde au chini ya hapo. Shata inabaki 1/200, haijalishi, kwa sababu picha haichorwi na shata, inachorwa na ule mmweko. Lakini sharti moja: mwanga mwingine wote uwe mdogo. Weka f/8, 1/200, ISO 200, ingia kivulini, zima flashi, piga. Ikitoka nyeusi, umefaulu. Washa flashi. Ikitoka na picha bila flashi, jua nalo linachora, na litachora mdudu wa pili mwenye ukungu juu ya yule mkali.

Na flashi ije karibu na mdudu. Wengi wanaiacha juu ya kamera, mbali, kisha wanaipandisha nguvu mpaka mwisho. Flashi ya nguvu kamili inawaka muda mrefu zaidi, na faida yote niliyoipigia kelele hapa inayeyuka.

"Mwalimu, flashi haiwatishi?" Wengi wao hawashtuki kabisa. Kinachomfukuza kipepeo ni kivuli chako na miguu yako inayotikisa ua. Njoo polepole, usikatize jua lake.

Sasa kasoro ya flashi, maana najua mmeshaijaribu mkaichukia. Ganda la mdudu linang'aa. Mbawakavu ukimpiga na flashi tupu, taa inajichora mgongoni mwake, doa jeupe, na ndani ya doa hilo hakuna vinyweleo, hakuna mistari, hakuna rangi. Hata fokasi ikiwa sahihi utaiona picha haina ukali. Dawa ni kuifanya taa iwe kubwa mbele ya macho ya mdudu. Difyuza, yaani kifuniko cha kutawanya mwanga wa flashi, ya upana wa sahani, ikiwa sentimita chache tu kutoka kwake, inafunika karibu nusu ya anga anayoiona. Doa linatanuka, linafifia, maelezo yanarudi.

Yangu hii hapa, ipitisheni. Ni mtungi mweupe wa plastiki unaopitisha mwanga, nimeukata ubavu, ndani nimebandika karatasi ile ya kuokea keki. Gundi, raba mbili, kisu. Angalieni kwamba karatasi haijagusa flashi. Kuna nafasi ya kama sentimita kumi. Ukiibana kwenye uso wa flashi, taa inabaki ndogo vilevile na umepoteza mwanga bure. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki ya dukani, lakini tangu Agosti 2017 ni marufuku na sitaki mwenyekiti wetu alale ndani kwa ajili ya picha ya panzi. Na kuna mama aliniuliza kama anaweza kukunja chandarua. Mama, chandarua kina dawa ya kuua wadudu! Utapata picha kali sana ya mdudu anayekufa.

Hilo linanipeleka kwenye friji. Kila mkutano kuna mtu amesoma kwamba mdudu awekwe kwenye friji kidogo ili atulie. Si jambo jipya. Robert Hooke wa Uingereza, aliyetoa michoro yake ya hadubini mwaka 1665, alisumbuliwa na sisimizi asiyetulia akamnywesha brandi. Sisimizi akazima zaidi ya saa moja, halafu ghafla akaamka akakimbia. Hooke hakuwa na flashi, tumsamehe. Wewe una flashi. Tena mdudu wa friji anajulikana: miguu imekunjwa chini ya tumbo, vipapasio vimelegea, na ukimtoa kwenye unyevu wa hapa anajaa matone ambayo si umande wa bustani yoyote. Mkulima atakuuliza kwa nini nyuki wake amesimama hivyo, utamjibu nini?

Mkitaka wadudu waliopoa, amkeni. Sisi Nakuru tuko juu yenu kwa mita 700 hivi, na alfajiri kereng'ende anakuwa baridi, mabawa yamelowa, unaweza kumzunguka pande zote. Hapa kwenu asubuhi haina baridi ya kumlaza mtu, hilo nakubali, msinitumie ujumbe. Lakini upepo wa ziwani huanza kuvuma jua likishapanda. Alfajiri majani yametulia. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, dakika ishirini hivi nyuma ya Mombasa, kwa hiyo hamna hata sababu ya kulalamika kwamba ni mapema.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona.

Kina cha ukali, haraka. Kwa ukubwa halisi na f/8, sehemu iliyo kali ni milimita moja hivi, au pungufu. Mtu anakimbilia f/22 aongeze. Kwa ukubwa huo f/22 yako ni f/44, na mwanga uliobanwa kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, picha nzima inalainika. Kaeni f/8 hadi f/11, mchague pembe. Panzi mpige ubavuni, sensa ikiwa sambamba naye. Kipepeo aliyefunga mabawa, vivyo hivyo. Ukimpiga uso kwa uso, jicho liwe kali, mengine yaende. Fokasi otomatiki izimeni, msizungushe ringi pia. Sogeza mwili mbele na nyuma taratibu mpaka jicho liingie. Shika shina kwa mkono wa kushoto, egemeza lenzi juu ya mkono huo huo. Sasa jani likiyumba, kamera nayo inayumba pamoja nalo. Hili lingestahili nusu saa na nimelipa dakika moja, shauri yenu na swali la lenzi.

Kuunganisha picha nyingi ziwe moja, niliahidi, siwezi leo. Kitufe cha kunoa picha kwenye kompyuta kinanoa kilichopo; pikseli 12 za ukungu hakizirudishi. Simu zenye kilenzi cha kubana: mnafika karibu mno, simu inamtia mdudu kivuli, leteni mwanga kutoka ubavuni.

Zoezi. Usiku huu washeni taa ya nje. Vile vijidudu vya ziwa mnavyovifagia kila asubuhi vitajaa ukutani. Haviumi, havikimbii, na ukuta hauyumbi. Tafuteni dume: vipapasio vyake vina manyoya, jike hana manyoya ya namna hiyo. Mpige bila flashi, kisha kwa flashi tupu, kisha kwa difyuza. Mkikuza picha na mnaweza kutenganisha unywele na unywele, mko tayari kwa majani. Kesho saa kumi na mbili na robo tuko langoni, tutaanza na vidukari kwenye sukuma wiki za jirani, ameruhusu, msikanyage mnavu wake. Betri za flashi zichajiwe usiku.