Kikuu Kiko Kilifi, Kidogo Kiko Wapi?

RUKIA: Asalaam aleikum wasikizi wetu. Kaka Twalib, masalkheri.

TWALIB: Aleikum salaam, dada Rukia. Sauti imekukauka.

RUKIA: Ni vumbi la safari. Nilikwenda kumpeleka binti wa ndugu yangu, yule niliyewaambia kaitwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Boti alfajiri hadi Mokowe, halafu basi: Witu, Garsen, Malindi, Kilifi. Sanduku la bati la mamake juu ya basi, limefungwa kamba ya jahazi.

TWALIB: Lile la kijani?

RUKIA: Lile lile. Sasa sikiza. Tuko mlangoni twatoka, bibi akamshika mkono. "Waenda wapi, mwanangu?" "Chuo kikuu, bibi." Bibi akamtazama. "Na kidogo umekimaliza?"

TWALIB: (anacheka) Umekimaliza kidogo!

RUKIA: Kwa bibi, chuo ni kwa mwalimu, juzuu mkononi, ubao kwenye magoti. Hajui chuo kingine. Njia nzima nikajiuliza, na hiki kidogo kiko wapi?

TWALIB: Bibi hakukosea, lakini. Lamu hapa watu walikuja kutoka kote Afrika Mashariki kusoma dini Riyadha, msikiti na chuo cha Habib Swaleh, na hakuna aliyekiita kikuu.

RUKIA: Basi mimi hicho kidogo nimekikuta Kilifi. Kwenye foleni ya kusajili nimekaa na mzee mmoja wa Ganze, kaleta mjukuu. Akaniambia yeye amesoma papo hapo, zamani, ilipokuwa Taasisi ya Kilimo. Akatoa njiti ya kibiriti, akaichonga ncha kwa ukucha kama kalamu, akaipasua nyingine kati, akaziunganisha. "Hivi ndivyo mwembe unavyobebeshwa, tawi la mmoja juu ya shina la mwingine. Nimefunzwa hapa, na ndio uliosomesha wanangu."

TWALIB: Mashallah.

RUKIA: Ndipo nikasema, bibi, kidogo ndicho hiki. Na kimemezwa.

TWALIB: Hapo sikubali.

RUKIA: Tazama na Mombasa. MIOME, Taasisi ya Elimu ya Waislamu, ilichangiwa na Aga Khan, Sultani wa Unguja na Mabohora ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Wanafunzi wa kwanza wakaingia Mei 1951. 1966 ikawa taasisi ya ufundi, mlango ukiwa wazi kwa wote, 1972 ikawa Politekniki. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Kila ikibadilishwa jina, mlango unapanda ngazi moja.

TWALIB: Na stashahada hawasomeshi hapo mpaka leo?

RUKIA: Wasomesha. Lakini chuo kikishakuwa kikuu, macho ya wakubwa yako kwenye digrii. Aliyepata D kidato cha nne akaifuate wapi njiti ya yule mzee?

TWALIB: Vyuo vya ufundi vipo, dada.

RUKIA: Vipo. Kile cha Kilifi kilikuwa kimeshajengwa, kina mashamba na walimu.

TWALIB: Ngoja nami niseme. Nairobi imekuwa chuo kikuu kamili tangu 1970. Pwani nzima hatukuwa na cha serikali kilicho chetu. Cha Kilifi kikafanywa chuo kishiriki cha Kenyatta mwaka 2007, na hati yake kamili Rais Kibaki akaitoa Januari 2013. Hesabu tangu uhuru, karibu miaka 50! Mimi nilisoma Nairobi. Nilipigiwa simu babangu kafariki, nikafika gatini siku ya pili, wameshamzika. Binti yako atapanda basi asubuhi, jioni yuko Lamu. Hilo ulipime na mwembe.

RUKIA: (kimya) Mungu amrehemu.

TWALIB: Amina.

RUKIA: Lakini Twalib, kwa nini kimoja kife ndipo kingine kizaliwe? Wangejenga kando.

TWALIB: Kwa pesa gani? Tungengoja miaka mingine 50.

RUKIA: Tungedai.

TWALIB: Tulidai. Hicho ndicho tulichopewa, na mimi nakipokea kwa mikono miwili.

RUKIA: Mimi kwa mmoja. Wa pili umeshika ile njiti.

TWALIB: Hutauachia?

RUKIA: Sitauachia.

TWALIB: Hata mimi. Haya, adhana ya isha hiyo yakaribia, na tuliwaahidi wazazi mambo matatu: HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, chumba, na...

RUKIA: La tatu nimelisahau. HELB tu yataka kipindi kizima.

TWALIB: Wiki ijayo, inshallah. Simu yako yalia.

RUKIA: Ni yeye. (anasoma) "Mamdogo, sanduku haliingii chini ya kitanda. Nimeliweka mlangoni, wenzangu wanalikalia."