Stelingi Dampa Haitibu Beringi Imekufa

Haya, wale wako nyuma pale kwa kivuli songeni mbele kidogo, juu sina spika na jenereta ya jirani haizimwi kwa sababu yetu. Mwenyekiti aliniomba niongee nusu saa kuhusu hiki kidude hapa, stelingi dampa, cha kutuliza stelingi ya pikipiki, kwa vile siku hizi kila mtu ameona video na anataka kufungiwa. Nakipitisha mkishike, zungukeni nacho, lakini kirudi tafadhali, ni cha mteja.

Ukikishika fanya hivi. Vuta hiyo fimbo polepole. Si inakuja vizuri tu? Sasa ivute kwa nguvu, kwa haraka. Umeona inakataa? Hiyo ndiyo kazi yake yote, hakuna uchawi ingine ndani. Kuna oili na kuna pistoni yenye katundu kadogo, ukienda mos mos oili inapita, ukiharakisha oili inakosa pa kupita haraka kwa hivyo inakurudishia nguvu. Ni kama ile mashini ya juu ya mlango wa benki, ukiachilia mlango unarudi taratibu hata ukiusukuma. Kwa hivyo wewe ukikata kona kawaida huisikii, lakini stelingi ikianza kupiga kushoto kulia yenyewe inashikwa.

Na kwa nini stelingi ipige yenyewe? Mmewahi kusukuma troli ya supermarket ambayo gurudumu moja la mbele limeingiwa na wazimu? Inatetemeka trrrrr, ukipunguza inatulia, ukiongeza inaanza tena. Piki ni ukoo mmoja na hiyo troli. Shoki za mbele zimelala, hazijasimama wima, sasa ukichukua mstari wa stelingi uushushe mpaka chini, utagusa lami mbele ya mahali tairi yenyewe inagusa, tofauti kwa piki nyingi ni kama sentimita 9, 10 hivi. Maana yake tairi inafuata nyuma ya stelingi, na ndio maana piki inajinyoosha yenyewe ukiachilia. Hiyo ni baraka. Lakini kitu kinachojinyoosha kinaweza kupitiliza, kikarudi, kikapitiliza tena, na ikifika hapo inaenda mara 6 mpaka 10 kwa sekunde moja, na mkono wa binadamu haufiki spidi hiyo. Ukijaribu kupigana nayo wewe ndio unaiongezea. Mimi naita kutikisa kichwa, inatikisa kama mtu anakataa deni.

Kuna ile ingine watu wanachanganya nayo, piki nzima inaenda nyoka nyoka, polepole, mara 2 au 3 kwa sekunde, unasikia kiuno cha nyuma kinatembea. Hiyo si kutikisa kichwa, na hapa nataka mnisikize vizuri juu mafundi wengi hawajui. Kuna Mwingereza, Robin Sharp, aliandika hesabu ya haya mambo mwaka 1971, na moja ya vitu alionyesha ni kwamba ukiongeza dampa kwa stelingi unatuliza kule kutikisa kichwa lakini ile nyoka nyoka unaweza ukaifanya mbaya zaidi. Sasa mtu anakuja kwangu, piki inaenda nyoka kwa sababu bushi za swingiami, ile mikono inayoshika gurudumu la nyuma, zimeisha na amebeba kreti tatu za mkate nyuma, anataka dampa. Nikimfungia nitakuwa nimemharibia na nimekula pesa yake.

(Sauti kutoka nyuma: Si unakulanga kila siku!) Nitakujibu wewe baada ya chai.

Niwaambie kitu nilifanya mimi mwenyewe, si kuambiwa. Miaka kadhaa imepita sasa, jamaa mmoja wa Kisumu aliniletea piki ya 650, masanduku mawili kando na moja nyuma. Malalamiko yake yalikuwa kwamba akitoka Mau Summit akishuka hivi, akiachilia mafuta spidi iko karibu 80, akilegeza mikono kidogo tu stelingi inaanza. Mimi wakati huo dampa ndio zimeanza kuingia, nikaona hii ndio yenyewe, nikamfungia, nikaongeza kliki, yaani nikakaza ile nobu yake, akaenda akarudi akasema fundi umeniponya. Nikajisikia daktari. Baada ya miezi kama mitatu hivi anarudi, anasema stelingi imekuwa nzito na piki haitaki kwenda moja kwa moja, inatafuta tafuta. Nafungua nakuta zile bolresi, yaani beringi za shingo ya stelingi, zimechimba vishimo kwa koni, gololi moja moja imekaa kwa kiota chake kama yai. Zilikuwa zimeisha hata kabla hajanijia mara ya kwanza. Ile dampa nilimfungia ilikuwa pazia, nilifunika ufa wa ukuta na pazia halafu nikalipwa. Nyumba ingemwangukia ningesema nini? Nilimbadilishia beringi bure na tangu siku hiyo sifungi dampa kwa piki ambayo sijaishika shingo mwenyewe.

Kuishika shingo ni hivi. Inua mbele, tairi itoke chini kabisa. Shika shoki zote mbili kule chini karibu na ekseli, vuta kwako, sukuma. Ukisikia ko ko kwa mkono, imelegea. Halafu weka stelingi katikati, izungushe kwa kidole kimoja pole pole kushoto na kulia, ukisikia kama inaingia kwa kashimo hapo katikati, hiyo imekufa, kukaza hakusaidii, ni kubadilisha. Baada ya hapo angalia tairi kama imekulwa upande ama imevimba, presha, rimu kama inacheza, spoki gonga na spana moja moja usikize sauti, ile iliyolegea inalia tofauti. Bushi za nyuma shika swingiami uitingishe kwa upande. Na mzigo, jamani, mzigo. Gunia la viazi ukilikalisha nyuma ya ekseli ya nyuma unainua mbele, tairi ya mbele inakuwa nyepesi, na tairi nyepesi inatikiswa na kila kitu, upepo wa trela pale Salgaa, mawimbi ya barabara ya murram ukienda huko Solai, kila kitu. Kwa piki kumi nilizoletewa wakisema zinatikisa, mimi mwenyewe nikikumbuka, nyingi zilipona hapo kabla ya dampa kutajwa.

Sasa kama hayo yote ni sawa, na piki ni ya kasi, ama ni ile ya kupigwa kwa murram na mawe, hapo dampa ina haki yake. Piki nyingi za kasi zinatoka nayo kiwandani, Honda CBR1000RR ya 2004 ilikuja na moja ya umeme kabisa, inasoma spidi, ukiwa polepole inalegea ukiongeza inakaza. Na si kitu kipya pia, wazee mko hapa mtakumbuka BSA na Triumph za zamani kulikuwa na kirungu hapo juu katikati ya stelingi, unakizungusha kinakaza. (Mzee mmoja: Ndiyo! Ya mwalimu wetu ilikuwa nayo.) Sawa kabisa mzee wangu, ile ilikuwa ya msuguano, visahani vinasuguana, shida yake inakaza sawa sawa ukiwa polepole na ukiwa mbio, hii ya oili ndio inajua tofauti.

Kufunga sasa. Kuna aina mbili, kuna ile ya duara inakaa juu ya stelingi, kama zile za kampuni ya Scotts, hiyo mara nyingi inakuja na vifaa vya piki yako kabisa na ukikosa vifaa vyake achana nayo. Halafu kuna hii ya fimbo, upande mmoja unashikwa kwa fremu, ule mwingine kwa mguu wa shoki. Hii ndio mtakutana nayo zaidi, na hii ndio watu wanaharibu.

Cha kwanza kabla hujatoa spana, pima urefu wa safari. Kata stelingi mpaka mwisho kushoto, weka alama, kata mpaka mwisho kulia, pima pale utashikisha fimbo imesafiri kiasi gani. Dampa lazima iwe na safari kuzidi hiyo, na ibaki kidogo pande zote mbili. Mimi mara ya pili kufunga nilinunua ya milimita 75 kwa piki iliyotaka zaidi, nikasema si inatosha tu. Tukiwa hapo nje kwa yadi kijana akageuza piki akitoka, stelingi ikafika mwisho wa dampa kabla ya kufika mwisho wake yenyewe, akasukuma, fimbo ikapinda. Bahati ilikuwa yadi. Ingekuwa raundabauti ya mjini na matatu nyuma yake tungekuwa tunaongea mengine. Stopa ya fremu ndio inafaa kusimamisha stelingi, dampa haina kazi hiyo hata siku moja.

Cha pili, stelingi ikiwa imenyooka fimbo iwe katikati ya safari yake. Na ilale sambamba na ile bamba ya chini inayoshika shoki, isipande isishuke, juu ukiiweka mshazari itakuwa inajikunja kwa vichwa vyake kila ukikata kona, na utashangaa mbona upande wa kulia ni nzito kuliko kushoto.

Cha tatu klampu ya shoki. Hapa angalia shoki yako ni gani. Zile za kawaida, bomba jembamba linang'aa juu na mguu mnene chini, huo mguu unapanda ukipiga shimo, kwa hivyo usiweke klampu mahali mguu utakuja kuigonga. Zile zimegeuzwa, bomba nene juu, klampu inakaa kwa nene chini ya bamba, lakini hilo bomba ukilikaza kama nati za gurudumu la lori utalibana na shoki itaanza kukwama ndani. Bolti ya milimita 6 nguvu ya kukaza ni kama Nm 10 (nyutoni mita), ya 8 ni kama 20, na kwa klampu ukipewa karatasi fuata karatasi hata kama inasema kidogo kuliko hiyo. Tone la Loctite ile ya bluu, gundi ya kuzuia bolti isilegee. Ukimaliza kata tena mwisho kwa mwisho, na injini ikiwa inanguruma safari hii, usikize kama mwendo wa injini unapanda wakati unakata. Ukipanda jua umebana kebo ya mafuta. Angalia kebo ya klachi, paipu ya breki, nyaya.

(Swali: Fundi, na tukichomea bracketi kwa fremu, hapa mafundi wa jua kali si wanachomea safi?) Wanachomea safi, lakini si hapo. Shingo ya fremu ndio imebeba mbele yote, ukiipiga moto unabadilisha chuma na hutaona kwa macho. Bracketi watakutengenezea, wakate bamba nzuri wapige mashimo, ishikwe na bolti. Fremu iachwe.

Sasa ya kuseti, anza sifuri, imelegea kabisa. Zunguka hapa polepole spidi ya mtu anatembea. Ongeza kliki mbili, zunguka tena. Piki ikienda polepole inakaa wima kwa sababu unaipea visahihisho vidogo vidogo vya stelingi bila hata kujua, sasa dampa ikiwa ngumu visahihisho vinachelewa na utaanza kuyumba kama uko na mbili tatu kichwani. Ukifika hapo rudisha. Na ukipanda Timboroa asubuhi, kule ni zaidi ya mita 2,700 na kuna baridi, oili inakuwa nzito, ile kliki ilikuwa tamu jana mchana Kisumu itakuwa ngumu. Hakuna kitu kimeharibika.

Swali la mwisho. (Dada wa deliveri: Boxer yangu niifungie?) Hapana dada, pesa hiyo nunua tairi nzuri ya mbele na bolresi, na kile kisanduku chako kisogeze mbele. Na ikianza kutikisa barabarani, usikamate breki ya mbele, usikaze mikono, bana tanki na magoti, inama mbele, legeza mafuta pole pole, nyingi zinaacha.

Na hiyo yako iko nje si ndiyo, ile nyekundu? Ilete hapa tuiinue tuishike shingo. Wewe wa kula pesa, njoo ushike nyuma. Na jeki iweke chini ya injini, si kwa bomba la moshi.