Nyangumi Hawakumalizwa na Njaa

Ndugu zangu, nimesema sana kwamba nyangumi walimalizwa na tamaa ya faida, si njaa ya mwindaji, na kila nikimaliza huinuka mtu akauliza: "Mwalimu, mbona simba anaua pundamilia na hatumlaumu?" Leo namjibu mapema. Simba akishiba hulala. Hana ghala, hana benki. Pundamilia wakipungua, naye hukonda, watoto wake hufa, na pundamilia wanapata kupumua. Mwindaji wa nyangumi hakukonda. Nyangumi wa buluu walipoadimika alihamia kwa aina nyingine, nyangumi pezi. Hao nao walipoadimika akahamia kwa nyangumi sei, walio wadogo zaidi, kwa meli ileile na mzinga uleule wa kurushia chusa.

Sasa kisa changu. Wanaokijua wavumilie.

Mwaka 1946 mataifa yalitia saini mkataba kule Washington, ikazaliwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Kwa Antaktika kikawekwa kikomo cha vipimo 16,000 kwa msimu. Sikusema nyangumi 16,000. Nimesema vipimo. Kipimo kimoja ni nyangumi mmoja wa buluu, au pezi wawili, au wa nundu wawili na nusu, au sei sita. Nani kati yenu amewahi kumwona nusu nyangumi akiogelea? Kilichokuwa kinapimwa ni mafuta!

Haya, wewe ndiye nahodha. Kikomo ni cha meli zote kwa pamoja, kikijaa msimu unafungwa, kwa hiyo ni mbio. Mbele yako yuko buluu mmoja, na kule pezi wawili. Utamwacha buluu? Ukimpata ni chusa kimoja, kipimo kizima. Chusa chenyewe kinafyatuliwa kwa mzinga, bomu liko kichwani, linapasukia ndani ya mwili. Kisha mzoga unajazwa hewa kwa mpira usizame, unachomekwa bendera, unaachwa ukielea huku meli ikimfukuza mwingine. Na hata yule buluu angekuwa wa mwisho baharini, hesabu ingebaki vilevile: kipimo kimoja. Huo ndio ulioitwa uhifadhi.

Kabla ya hapo, katika msimu wa 1930/31 peke yake, waliuawa buluu karibu 30,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 makadirio ya Antaktika yalikuwa mia chache tu, kutoka zaidi ya laki mbili. Kwa nini? Mafuta ya majarini na sabuni, jamani. Majarini!

Kuna atakayesema mfanyabiashara mwenye akili hali mbegu yake. Nani kakudanganya? Mwaka 1973 mwanahisabati wa Kanada, Colin Clark, alionyesha kwamba kwa mnyama anayezaana polepole, mwenye kutafuta faida anaweza kuona afadhali awaue wote leo, pesa aziweke benki. Riba inakua haraka kuliko nyangumi. Hapo hakuna ujinga wowote. Hesabu ni sahihi kabisa, na ndilo linalonikasirisha.

Msiniambie basi kila anayewinda nyangumi ni muovu. Wainupiati, wenyeji wa asili wa Alaska kule Marekani, wanawinda hadi leo, nyama inagawiwa kijijini, na nyangumi wao wameongezeka.

Naona mwenyekiti ananitolea macho. Haraka haraka, basi. Wasovieti walificha nyangumi wapatao 180,000 waliowaua, kwenye taarifa zao kwa Tume. Mwanabiolojia wa Urusi, Alexey Yablokov, akaitoboa siri hiyo 1993. Usitishaji wa uwindaji wa biashara ulipigiwa kura 1982, ukaanza 1986. Japani ilijitoa kwenye Tume 2019. Hili ningelieleza kwa kirefu, basi tena.

Nyangumi wa nundu wanaopita Watamu na Zanzibar kuanzia Julai hadi Oktoba hushiba kusini, katika bahari ya Antaktika, kwa krili, vijidudu jamii ya kamba. Hawa wa nundu idadi yao imepanda vizuri. Lakini sasa meli zinavua hao krili wenyewe, kwa vidonge vya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa. Nani aliyepanga kikomo cha krili, na anapima nini? Mwenyekiti, hilo niulizwe kwenye maswali.