Kabla Sindano Haijaingia, Uliza Inapita Wapi

Wazee wenzangu, pamoja na ninyi vijana mliowabembeleza baba zenu hadi wakakubali kuja, tezi dume mnaijua na kipimo cha damu cha PSA, kinachopima protini itokayo kwenye tezi hiyo, mmekisikia vya kutosha, kwa hiyo nimekuja na swali lilelile ambalo hata wenyeji wangu wamekwisha kulichoka: daktari akikuambia kwamba itabidi uchukuliwe kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vikapimwe saratani, je, unamwuliza sindano itapita wapi?

Mimi sikuuliza. Nililazwa kwa ubavu wa kushoto, magoti nikayakunja hadi kifuani, kikaingizwa kifaa cha ultrasaundi katika njia ya haja kubwa, kisha nikasikia kitu kikialika kama stepla, mara 12, nami nikihesabu huku nimeukodolea macho ukuta. Kidonge cha antibiotiki nilikuwa nimepewa, na fomu ya ridhaa nilikuwa nimeitia sahihi bila miwani. Usiku wa siku ya tatu nilitetemeka hata kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mama watoto akasema ni malaria; tukanywa dawa ya malaria na kupoteza siku nzima, kumbe bakteria wa utumbo walikuwa wamesafiri na sindano hadi kwenye tezi na kuingia katika damu. Nililazwa siku 6. Linaloniuma hadi leo ni kwamba wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza dozi ya siprofloksasini kwa mkojo uliokuwa ukichoma, na kidonge nilichopewa siku ya kipimo kilikuwa hichohicho, ambacho huenda bakteria walikuwa wamekwisha kukizoea. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Yupo anayenung'unika pale nyuma kwamba mgonjwa hawezi kumfundisha daktari kazi. Ndugu yangu, fundi akija kupaua nyumba yako unamwuliza hadi ukubwa wa misumari, sembuse mwili wako?

Njia ya pili ni ya msamba, yaani ngozi iliyo kati ya korodani na tundu la haja kubwa, ambayo husafishwa na kutiwa ganzi, na sindano haipiti penye kinyesi. Chama cha Ulaya cha madaktari wa mfumo wa mkojo kinaipendelea kwa sababu ya maambukizi hayo. Sisemi ile ya kwanza ni haramu, maana huenda hospitali yako ina hiyo tu. Basi uliza kama watakusafisha kwanza njia ya haja kubwa kwa povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, na uwatajie kila antibiotiki uliyotumia karibuni.

Tena uliza kama unaweza kuanza na MRI, yaani picha ya tezi inayopigwa kwa mashine ya sumaku kabla ya sindano. Mtasema ni ghali, na ni kweli. Hata hivyo, katika utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, uliohusisha wanaume 500, asilimia 28 ya walioanza na MRI hawakuhitaji kuchomwa sindano kabisa. Asiyeimudu aombe angalau PSA irudiwe, kwa kuwa hata maambukizi ya mkojo huipandisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Suala la Gleason 6, yaani alama ya maabara ya saratani ya tezi isiyo kali, ambayo mara nyingi hufuatiliwa tu bila kisu wala mionzi, nililiandalia nusu saa na sasa halina hata dakika. Chukueni nakala ya majibu ya maabara mkae nayo nyumbani. Na homa ikikupanda baada ya kipimo, nenda hospitali usiku uleule, useme mlangoni kwamba umechukuliwa kinyama cha tezi dume, na dawa ya malaria iache kabatini.