Kipanya cha Gemu: Kipime kwa Mkono Wako Kabla Hujatoa Pesa

Asalamu alaykum, karibuni. Leo niko nyumbani Kikwajuni, hapa Zanzibar, saa nane mchana, dirisha wazi na feni inazunguka. Saa hii nimeichagua makusudi. Kipanya cha kompyuta kilichokupendeza kwenye kiyoyozi cha duka kinaweza kukusumbua huku, jasho likishaanza kutoka kiganjani. Basi tukipime kwenye joto letu hili hili tunalochezea.

Kwanza chukua rula. Pima mkono kuanzia mkunjo wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Wangu una sentimita 18 na nusu. Wachezaji wengi hufuata kipimo cha kipanya chenye urefu wa kama asilimia 60 ya mkono, kwa hiyo changu kingekuwa sentimita 11 hivi. Hiki nilichoazima kina 12 na nusu. Sikikatai bado, maana inategemea unavyokishika. Wako wanaolaza kiganja chote, hao hufaidi kipanya kikubwa chenye mgongo. Wako wanaokunja vidole kama kucha za mwewe. Na wako wanaogusa kwa ncha tu. Kwao kidogo na chepesi ndicho hasa.

Sasa tizama karibu. Kidole cha shahada kiko kitufe cha kushoto, cha kati kiko cha kulia, gumba ubavuni. Angalia kidole cha mwisho: kinaburuza kwenye pedi, hakina pa kukaa. Dukani hulioni hili. Baada ya nusu saa ya gemu ya mpira ndipo ngozi inapoanza kuwaka. Ukienda madukani Darajani au Mlandege, mwombe muuzaji akitoe ndani ya boksi, ukishike dakika tano, ukivute kulia na kushoto kama unacheza. Vitufe vya ubavuni navyo uvifikie kwa gumba bila kulegeza mkono.

Pitisha kidole ubavuni. Kama umepakwa mpira laini, mimi nakwambia uache. Nilikuwa nacho kimoja cha namna hiyo. Siku ya kwanza ulikuwa kama hariri, lakini baada ya masika mbili ukaanza kunata kama halua, ukishika vidole vinabaki na uchafu mweusi. Joto na unyevu huuvunja mpira ule, na kwetu vyote viwili tunavyo mwaka mzima. Plastiki kavu yenye chengachenga inafutika kwa kitambaa na maisha yanaendelea.

Uzito: mizani ya jikoni inatosha, ila unyanyue waya usiongeze gramu. Hiki kina 94. Kwa gemu za kulenga shabaha ningependa kisichozidi 80, kwa sababu unakinyanyua na kukirudisha mara nyingi mno.

Tuje kwenye DPI, iliyoandikwa kubwa kwenye boksi: ni idadi ya pikseli, yaani nukta za skrini, ambazo kishale kinasogea kwa kila inchi moja unayosogeza kipanya. Hapa vijana wetu wanalipia namba bure. Skrini ya kawaida ina upana wa pikseli 1920. Ukiweka 800, kishale kinavuka skrini nzima kwa inchi 2.4, yaani sentimita sita. Ukiweka 16000, kinavuka kwa milimita tatu. Milimita tatu! Mkono gani utalenga hapo? Mimi nachezea 800. Cha kuulizia ni mara ngapi kinatuma habari kwa kompyuta: cha kawaida hutuma mara 125 kwa sekunde, kila milisekunde nane, cha gemu mara 1000, kila milisekunde moja.

Kabla ya kujaribu sensa, yaani lile jicho la chini linalosoma mwendo wa kipanya, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, fungua Pointer Options, kisha ondoa tiki kwenye Enhance pointer precision, yaani kuongeza usahihi wa kishale. Ukiiacha, mwendo ule ule wa mkono utakupa umbali tofauti kila ukibadili kasi, na hutajua kosa ni la nani.

Sasa chukua kadi mbili za benki. Weka moja chini ya kila upande wa kipanya, sensa ibaki juu ya pedi yenyewe. Kimeinuka kama robo tatu ya milimita. Sogeza vyote pamoja: kishale bado kinatembea. Ongeza kadi mbili nyingine, iwe milimita moja na nusu. Tizama, kimesimama. Hapa kimefaulu vizuri. Ukikinyanyua katikati ya mchezo hakitakupoteza.

Mwisho, bonyeza folda mara moja moja, polepole, mara 50. Ikifunguka yenyewe hata mara moja, kitufe kinabonyeza mara mbili. Kirudishe hapo hapo.

Taa za rangi ni pambo tu.

Nimekaa nacho saa nzima sasa. Sensa safi, vitufe safi. Lakini kidole changu cha mwisho, hebu nisogeze kamera… mnaona hapa palipokuwa pekundu? Jioni nakirudisha kwa mwenyewe, nitafute kifupi zaidi.