Kidonge Kimoja, Dawa Mbili

Mhadhara kwa wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, Tanga, mwanzoni mwa Rajabu

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Asanteni kwa kuja na jua lote hili, na asanteni zaidi nyie mliokuja na dawa zenu zote kwenye mfuko kama mlivyoombwa. Zipakateni kwanza, tutazirudia.

Nina kasha mkononi. Mbele pana jina kubwa la rangi. Hilo ni jina la biashara, kila kiwanda kina lake, lisikushughulishe. Shusha macho chini yake, penye maandishi madogo. Hapo ndipo palipoandikwa dawa yenyewe. Kasha hili lina majina mawili, metformini na glibenklamidi, na namba mbili, 500 na 5. Yaani kila kidonge kina miligramu 500 za metformini na miligramu 5 za glibenklamidi. Umemeza kimoja, umemeza dawa mbili.

Kwa nini mbili? Kisukari cha aina ya pili kina mambo mawili ndani yake: mwili unakuwa mzito kuitikia insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, na kongosho linaloitengeneza nalo linachoka taratibu. Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na huusaidia mwili uitikie insulini. Ikiwa peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kero yake ni tumbo, kichefuchefu na kuharisha, hasa wiki za mwanzo, ndiyo maana tunasema imeze pamoja na chakula.

Glibenklamidi ina tabia nyingine kabisa. Hulikamua kongosho litoe insulini, wala haiulizi kama umekula. Umekula, itakamua. Hujala, itakamua vilevile. Na kazi yake inaweza kuendelea hadi saa 24.

Niwasimulie ya nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo ana miaka 68. Alikuwa akimeza glibenklamidi asubuhi na jioni, kidonge cha miligramu 5. Alipobadilishiwa akapewa hivi vya mchanganyiko, kimoja asubuhi kimoja jioni, hakuna aliyemwambia kile kichupa cha zamani akiache. Naye aliona rangi tofauti, umbo tofauti, akajua ni dawa ya kuongezea. Kwa hiyo akawa anameza miligramu 20 za glibenklamidi kwa siku. Siku moja alikunywa dawa kwa chai ya rangi tu, akaingia jikoni. Saa tisa alasiri mjukuu wake alimkuta amekaa juu ya mbuzi, kifuu cha nazi mkononi kimekunwa nusu, khanga imelowa jasho, anamwita mtoto kwa jina la marehemu kaka yake. Kipimo cha sukari kilisoma 2.1, yaani milimoli kwa lita.

Akapewa maji ya sukari, akazindukana, akataka na chakula. Sote tukashukuru. Saa nne usiku akaanguka tena. Dawa ilikuwa bado inakamua. Alilazwa siku mbili na dripu ya glukosi.

Ndiyo maana nasema, mtu anayetumia dawa ya namna hii sukari yake ikishuka hivyo hadi anachanganyikiwa, akizinduka usimwache alale nyumbani. Mpelekeni hospitali akaangaliwe. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamidi haiwafai waliovuka miaka 60. Ipo gliklazidi, dada yake, iliyo na upole zaidi. Bibi au babu yako akiwa bado anapewa glibenklamidi, muulize daktari kwa adabu kama inaweza kubadilishwa. Kuuliza si ukorofi, ni haki ya mgonjwa.

Ukiona jasho la ghafla, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa ya kukata tumbo, pima. Chini ya 3.9 sukari imeshuka. Kama huna kipimo, usingoje. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au kunywa nusu ya chupa ndogo ya soda, ile ya sukari kamili. Subiri dakika 15, pima tena, kisha ule chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote mdomoni, kitampalia.

Dawa nyingine nazo zinaingiliana na hizi. Septrini, ambayo watu wananunua kama pipi, ikikutana na glibenklamidi inaweza kuiporomosha sukari; hali kadhalika flukonazoli ya fangasi. Na kuna jambo ambalo watu huliogopa kulisema dirishani: anayetumia dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, metformini humrundikia mwilini, hivyo kwa kawaida isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Mwambie mfamasia kila unachomeza. Siri yako ni amana kwake.

Ukishikwa na kuharisha au kutapika hata maji hayakai, metformini iache kwa muda, uende kituo cha afya. Figo zikikauka, metformini haipati njia ya kutoka, na damu inaweza kuchachuka kwa asidi. Ni nadra, lakini inaua. Kwa hiyo figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Na vile vidonge vya kutoa dawa polepole usivivunje wala kuvisaga. Ukiona ganda lake chooni usishtuke, dawa ilishatoka.

Sasa Ramadhani, bado miezi miwili. Huu ndio wakati wa kumwona daktari, si siku ya kuandama mwezi. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuchukua kidonge cha asubuhi cha mchanganyiko akakimeza daku, kisha akashinda na njaa na dawa inayokamua. Mara nyingi dozi kubwa huhamia futari na ya daku hupunguzwa au kubadilishwa, lakini kwa kiasi gani, hilo apange anayejua figo zako na vipimo vyako. Kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, masheikh wengi wamelieleza. Ikisoma chini ya 3.9, fungua saa ileile, hata kama adhana imebakiza dakika kumi.

Haya. Fungueni mifuko. Tutasoma maandishi madogo pamoja, kasha kwa kasha, na jina likitokea mara mbili tunaliweka pembeni mpaka tumpigie daktari wako. Tuanze na akina bibi mstari wa mbele. Mama, hicho kichupa kisicho na karatasi, ulikitoa wapi?