Jicho la Wavu na Nguvu kati ya Barioni
(Mhadhara uliotolewa Tanga)

Walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu, asalaam alaikum.

Protoni na nyutroni ni barioni, yaani chembe zilizoundwa na kwaki tatu tatu zinazoshikiliwa na gluoni. Swali letu ni kwamba barioni mbili zikikaribiana, huvutana au husukumana, na kwa kiasi gani? Mwaka 1935 Hideki Yukawa alieleza kuwa nguvu hiyo hupitishwa na chembe ambayo leo tunaiita pioni. Kuikokotoa kutokana na kanuni za kwaki zenyewe, hata hivyo, kulishindikana kwa miaka mingi, kwa sababu katika nishati ndogo kwaki hushikamana mno hata ukadiriaji wa hatua kwa hatua haufai kitu.

Mwaka 1974 Kenneth Wilson alionyesha namna ya kugeuza anga na wakati kuwa wavu, kwaki zikikaa kwenye mafundo na gluoni kwenye nyuzi. Wavuvi wa Sahare hawahitaji kuelezwa kuwa jicho la wavu ndilo linaloamua kitakachovuliwa. La kwetu huwa na upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya femtomita (femtomita ni mita moja iliyogawanywa mara milioni bilioni), na inatupasa kurudia hesabu kwa macho madogo zaidi, mpaka tujue jibu lingekuwaje wavu usingekuwa na tundu kabisa.

Ugumu wenyewe uko kwenye mizani. Deuteroni, yaani protoni na nyutroni zilizoungana, ina nishati ya mfungamano, yaani ile inayohitajika kuzitenganisha, ya elektroni-volti milioni 2.2, ilhali uzito wake wote, ukipimwa kwa kipimo hicho hicho cha nishati, ni karibu milioni 1,876. Ni sawa na kutafuta uzito wa pakacha la kilo 12 la machungwa ya Muheza kwa kupima lori la tani 10 mara mbili, likiwa na pakacha hilo na likiwa bila. Tena mizani yetu inatetemeka: ukipima mapema, hali za nishati ya juu bado zimechanganyika na ile unayoitafuta, ukisubiri zififie, kelele inaimeza ishara. Kelele hiyo huzidi kadiri pioni inavyokuwa nyepesi, ndiyo maana wengi walianza na kwaki nzito kuliko za maumbile.

Mwanafizikia Martin Lüscher alitufundisha kusoma mtawanyiko wa chembe kutokana na nishati zao ndani ya kisanduku, yaani kipande cha anga ambamo wavu wetu unaishia. Mwaka 2007 Ishii, Aoki na Hatsuda walipita njia nyingine, wakapata nguvu inayovuta kwa mbali na kusukuma kwa karibu. Kwa kwaki nzito njia hizi zilipingana kwa miaka mingi, na mimi, nakiri, niliamini kuwa ukubwa wa jicho haukuwa na neno. Kisha ikaja hesabu ya mwaka 2021 kuhusu chembe H, yenye kwaki sita, iliyobashiriwa na Robert Jaffe mwaka 1977: kwenye macho makubwa mfungamano ulionekana mara kadhaa ya ule uliobaki, karibu elektroni-volti milioni 4.6, jicho lilipopelekwa sifuri.

Haiperoni, barioni zenye kwaki geni (aina ya kwaki iliyo nzito kuliko zile za protoni na nyutroni), huishi kitambo kidogo mno hata kuzigonganisha maabara ni kazi ngumu, lakini kwaki zao nzito hutupunguzia kelele. Mwaka 2018 kundi la watafiti liitwalo HAL QCD lilikokotoa Omega mbili, yaani haiperoni zenye kwaki geni tatu kila moja, kwa pioni iliyokaribia uzito wa maumbile, katika kisanduku cha femtomita 8.1, likazikuta zimeshikana kwa udhaifu. Wavu wao ulikuwa wa jicho la ukubwa mmoja tu.